Mashine Inayofunguka

Kabla fundi hajashika bisibisi, huvipanga vitu vyote mezani: kasha, mazabodi, prosesa na kipozeo chake, vijiti vya RAM, diski ya SSD, pawa saplai na, kazi ikihitaji, kadi ya grafiki. Ni vitu saba au vinane tu. Kila kimoja kimetoka kiwanda chake, na waliovitengeneza huenda hawajawahi kuonana. Baada ya saa chache vitakuwa kompyuta moja inayopiga hesabu za duka, inayohariri video ya harusi, inayomsomesha mtoto. Nimekaa mara nyingi kando ya meza za namna hii na sijawahi kuchoka kutazama.

Anayetaka kompyuta mpya ya mezani kwa ajili ya nyumbani hukutana na swali: ninunue iliyokwisha kuundwa, au ninunue vipande nikaunde mwenyewe, au nimpe fundi aniundie? Wengi hulijibu kwa bei peke yake. Bei ina nafasi yake, nami nitaifikia. Lakini ukiutazama ufundi wa kuunda kompyuta kwa utulivu, unaona kwamba kipimo kikubwa kiko kwingine: je, mashine hii itafunguka? Siku kitu kimoja kitakapochoka, mtu ataweza kufungua kasha, akakitoa hicho kimoja, akaweka kingine, na vyote vilivyobaki vikaendelea na kazi? Ufundi ninaotaka kuusifu hapa, toka mwanzo hadi mwisho, ni ufundi wa kuhakikisha kwamba jibu ni ndiyo.

Kwamba vipande vya viwanda mbalimbali vinakubali kukaa pamoja si jambo dogo. Simu ya mkononi haiko hivyo, wala televisheni. Mzizi wake uko Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta yake binafsi, modeli 5150. IBM ilikuwa na haraka ya kuingia sokoni, kwa hiyo haikutengeneza kila kitu yenyewe. Prosesa, 8088, ilitoka Intel. Mfumo endeshi ulitoka Microsoft. Na ndani ya kasha ziliachwa nafasi za kuchomeka kadi, ambazo maelezo yake ya kiufundi yalichapishwa ili wengine nao watengeneze. Wengine wakatengeneza kweli: kwanza kadi, kisha, Compaq ikiwa miongoni mwa waliotangulia, kompyuta nzima zilizoendesha programu zilezile za IBM.

Mwaka 1995 Intel ikatoa kiwango kinachoitwa ATX. Kilieleza kwamba mazabodi kamili itakuwa na milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu yatakaa hapa na pale, na matundu ya kuchomekea kibodi na skrini yatatokeza upande huu wa nyuma. Baadaye zikaja ndogo: microATX ya milimita 244 kila upande, na Mini-ITX ya 170, iliyoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Hata hiyo ndogo kabisa, matundu yake manne yanalingana na ya kasha kubwa. Kwa sababu hiyo, kasha la ATX lililonunuliwa miaka ishirini iliyopita bado linaweza kupokea mazabodi iliyotoka kiwandani mwaka huu. Washindani wanaonyang'anyana wateja wamekubaliana mahali pa kutoboa tundu la skrubu, na wamelitunza kubaliano hilo kwa miongo mitatu. Fundi anayeunda kompyuta nyumbani anafanya kazi juu ya kubaliano hilo kila siku.

Ufundi wenyewe huanza kabla ya kwenda dukani, na huanza kwa maswali. Fundi mzuri hataji modeli yoyote kabla hajajua kompyuta ni ya kazi gani, nani ataitumia, na itakaa wapi. Wa hesabu za biashara, masomo na intaneti hahitaji kadi ya grafiki. Prosesa yenye grafiki ndani yake, RAM ya gigabaiti 16 na SSD ya kawaida vinamtosha kwa miaka. Anayehariri video anahitaji prosesa yenye viini vingi, RAM ya gigabaiti 32 au zaidi, na diski mbili, moja ya mfumo na nyingine ya kazi. Anayetaka michezo ya kompyuta hutengewa fedha za kadi ya grafiki kwanza, mengine yakafuata. Katika hatua hii namheshimu sana fundi anayemwambia mteja, "Hiki hukihitaji." Angeweza kuuza kikubwa zaidi na mteja asingejua.

Kisha huja kazi ya kuoanisha, ambayo watu wengi hawaioni kwa kuwa hufanyika kichwani na kwenye karatasi. Kila prosesa ina soketi yake. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina pini 1,331 chini yake. Za AM5, zilizotoka 2022, hazina pini kabisa, zina vidoa 1,718 vinavyogusana na pini zilizo kwenye mazabodi. Intel ilihamishia pini kwenye mazabodi mapema zaidi, mwaka 2004. Kijiti cha RAM cha DDR4 na cha DDR5 vyote vina migusano 288 na urefu mmoja, lakini pengo lililo ukingoni halikai mahali pamoja, kwa hiyo kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine hata ukikisukuma. Herufi moja tu mwishoni mwa jina inaweza kuharibu mpango wote: prosesa nyingi za Intel zenye herufi F hazina grafiki ndani, na aliyeinunua bila kadi atawasha mashine, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Fundi anayajua haya kama mshonaji anavyojua upana wa kitambaa kabla ya kukata.

Anayeoanisha vizuri huangalia pia miaka ijayo. Waliochagua mazabodi za AM4 mwaka 2017 walikuja kupata faida kubwa: baada ya kuongeza toleo jipya la BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, nyingi kati yake ziliweza kupokea prosesa zilizotoka miaka mitano baadaye. Mtu alibadilisha kipande kimoja akapata mashine yenye nguvu mara kadhaa, huku kasha, RAM, pawa saplai na diski vikibaki vilevile. Kabla ya kununua, fundi huuliza soketi hii imebakiza muda gani. Huchagua pia mazabodi yenye nafasi nne za RAM na kujaza mbili, au yenye nafasi ya pili ya SSD, kwa kuwa anajua mwenye kompyuta atarudi siku moja kutaka zaidi.

Kuhusu pawa saplai, wahenga walikwishasema: rahisi huvunja upishi. Hiki ndicho kipande ambacho mteja hupenda kukipunguzia fedha, kwa sababu hakionekani kuongeza kasi ya chochote. Lakini ndicho kinachosimama kati ya umeme wa ukutani, volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na chipu zinazokula volti 12, 5, 3.3 na hata chini ya hapo. Kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho hupokelewa na pawa saplai kabla ya kingine chochote ndani ya kasha. Yenye ubora hujizima inapoona hatari. Ya ovyo hufa, na mara nyingine huondoka na mazabodi. Fundi makini hujumlisha wati za prosesa na za kadi, huacha akiba juu yake, hutafuta nembo ya 80 Plus inayoonyesha kwamba umeme haupotei ovyo kuwa joto, kisha humshauri mwenye nyumba anunue UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme unapokatika.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa huku wamelijua kwa uzoefu. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, upande mmoja 115 na mwingine 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado imewekwa 115, ikichomekwa kwenye ukuta wetu inalipuka papo hapo. Fundi anayekagua swichi hiyo kabla ya kuunganisha waya wowote ameokoa kompyuta kwa sekunde mbili za kuinama.

Sasa mikono. Fundi huanza kwa kugusa chuma cha kasha. Mwili wa binadamu unaweza kubeba volti elfu na zaidi za umeme tuli bila mwenyewe kuhisi kitu, na chipu inaweza kuharibiwa na kiasi hicho. Hatari ni kubwa zaidi katika hewa kavu, kama ya nyanda za juu wakati wa kiangazi, kuliko katika unyevu wa pwani. Ndiyo maana hafanyi kazi hii juu ya zulia, na hushika kila kadi kwa kingo zake.

Mazabodi huwekwa juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Fundi huinua mkono wa soketi, hutafuta alama ya pembetatu kwenye kona ya prosesa na mwenzake kwenye soketi, kisha huishusha prosesa bila kuisukuma. Inapaswa kuingia kwa uzito wake tu. Ikikataa, haikulazwa sawa, na fundi huiinua akaitazama tena. Akifunga mkono wa soketi ya Intel, husikika mkwaruzo na mkono hudai nguvu kidogo, na hapo mgeni hushtuka, lakini fundi anaijua sauti hiyo na hashtuki. Katika kazi hii, kujua ni wapi nguvu inaruhusiwa na ni wapi imekatazwa ni nusu ya ufundi. RAM inataka kidole gumba kwa kila upande hadi lachi zilie. SSD ya M.2, yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, huchomekwa kwa mshazari, hulazwa, na kushikwa na skrubu moja ndogo sana. Vijiti viwili vya RAM, kwenye mazabodi yenye nafasi nne, kwa kawaida huingia nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa ili vifanye kazi sambamba. Vikikaa mahali pengine mashine huenda ikawaka vizuri, lakini kasi ya kumbukumbu ikapungua bila mtu kujua.

Juu ya prosesa hupakwa grisi ya kupitisha joto, kidogo tu, katikati. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya bati la prosesa na la kipozeo, kwa sababu hewa iliyonaswa humo hupitisha joto vibaya. Kipozeo huondolewa ngozi ya plastiki iliyobandikwa chini yake, kisha skrubu zake hukazwa kwa kupishana kona: mizunguko kidogo hapa, kidogo pale, hadi zote zikaze kwa usawa. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine huinamisha kipozeo upande mmoja.

Mafundi wengi wazoefu huiwasha mashine hapo hapo mezani, kabla haijaingia kwenye kasha. Hii ni busara. Kukiwa na kasoro, vipande vinavyohusika ni vichache na vyote viko wazi. Ikipita, ndipo kasha hutayarishwa: vinguzo vya shaba hufungwa mahali penye tundu la mazabodi tu, kwa sababu kinguzo kimoja kilichosahaulika mahali pasipo na tundu kinaweza kugusa njia za umeme nyuma ya ubao na kuzichanganya. Nimewaona mafundi wakivihesabu vinguzo kwa kidole, kisha wakahesabu matundu ya mazabodi, kisha wakarudia. Marudio hayo yananifurahisha kuliko kasi yoyote.

Nyaya nazo zina mpaka ambao fundi mzuri hauvuki. Zile nyaya za pawa saplai zinazochomoka pande zote mbili zinafanana kwa macho, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kiwango cha pamoja. Waya wa kampuni moja ukichomekwa kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, na diski ikafa hapo hapo. Pale kubaliano la viwanda linapoishia, fundi huanza kutegemea kumbukumbu na nidhamu yake: waya hubaki na pawa saplai iliyokuja nayo.

Kisha nyaya hupitishwa nyuma ya bamba la mazabodi na kufungwa kwa vikamba vya plastiki. Wengine hudhani hayo ni mapambo. Lakini feni ya mbele inavuta hewa baridi, ya nyuma inasukuma ya moto, na fungu la nyaya katikati huizuia. Dodoma vumbi ni jingi. Tanga, Mombasa na Unguja hewa ya bahari ina chumvi inayokula migusano. Fundi anayeijua nchi yake huweka chujio mbele ya feni zinazoingiza hewa, na hupanga zinazoingiza ziwe na nguvu zaidi kidogo kuliko zinazotoa, ili vumbi lisinyonywe kupitia kila upenyo. Na hufunga nyaya kwa namna ambayo mwingine ataweza kuzifungua. Hapa ndipo ninapoutambua ufundi wa kweli: anafanya kazi akimfikiria atakayefungua kasha hili baada yake, ambaye huenda si yeye.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kunahitaji subira. Mashine yenye DDR5 inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi, kwa sababu mazabodi inaipima RAM na kutafuta mpangilio unaoifaa. Asiyejua huizima katikati na kuanza kufungua vitu visivyo na kosa. Anayejua hutazama taa ndogo za ukaguzi zilizo kwenye mazabodi zikipita kutoka prosesa kwenda RAM, kwenda grafiki, kwenda diski, naye hungoja. Ukurasa wa BIOS ukitokea, husoma joto la prosesa, huhakikisha RAM yote inaonekana na inakimbia kwa kasi iliyonunuliwa, na saa iko sawa. Hapo tu ndipo mfumo endeshi hupakiwa.

Je, basi kila mtu aunde? Hapana. Ufundi huu huu unatufundisha lini kununua ni bora. Anayehitaji mashine kesho kwa kazi inayomlipa, na anayetaka mtu mmoja wa kuwajibika kwa dhamana, anunue iliyokwisha kuundwa. Anayehama kila mara, au anayeishi mahali umeme unapokatika saa nyingi, pengine inamfaa kompyuta mpakato yenye betri. Na hoja ya bei hubadilika na majira: miaka ya 2020 na 2021 kadi za grafiki zilipanda mno, na kuelekea mwisho wa 2025 bei ya RAM ilipaa kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Wakati kama huo, kampuni kubwa iliyonunua kwa jumla mapema inaweza kuuza mashine nzima kwa chini ya jumla ya vipande vyake.

Kuna pia kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na kwingineko, zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue, Nairobi. Sizidharau hata kidogo. Fundi akizipuliza vumbi, akapaka grisi mpya, akatoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, mashine iliyochoka hurudi kazini kwa gharama ndogo. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti mia moja na kitu kwa sekunde, SSD ya kawaida mia tano, na mtumiaji huiona tofauti hiyo tangu anapobonyeza swichi. Lakini mnunuzi aulize mambo mawili. La kwanza, kizazi cha prosesa: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au baadaye. Wasio na haja ya Windows wanaweza kuweka Linux na kuendelea. La pili, je, pawa saplai na mazabodi ni za kiwango? Baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell na HP zina viunganishi na maumbo ya kampuni yenyewe, na pawa saplai ikifa inabidi kuitafuta ileile. Hiyo ni mashine inayofunguka nusu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukiwa na wiki kadhaa mkononi na mahitaji yanayokua, unda, au chagua vipande pamoja na fundi na uombe kukaa pembeni akiviunganisha. Ukinunua iliyo tayari, ifunguliwe mbele yako kabla hujalipa: tazama kama kuna nafasi ya RAM iliyobaki, kama pawa saplai ina jina la kampuni inayojulikana, kama skrubu ni za kawaida. Muuzaji anayekataa kufungua kasha amekwisha kukupa jibu. Kwa njia zote mbili, hifadhi boksi la mazabodi, kitabu chake, skrubu zilizobaki na nyaya za pawa saplai. Bila hivyo mwenye kuifungua kesho ataanza kwa kubahatisha.

Na fundi umlipe. Wateja wengi hulipia vipande bila kulalamika, kisha wakabishana juu ya fedha ya ufundi, wakidhani wanalipia saa mbili za kukaza skrubu. Wanalipia maswali aliyouliza kabla, kitu ghali alichowazuia kukinunua, vinguzo alivyovihesabu mara mbili, na dakika alizongoja huku skrini ikiwa nyeusi bila kuharibu kitu kizima. Kompyuta itakayofunguka na kutengenezeka miaka sita ijayo imetokana na hayo, na hayo ndiyo yanayostahili kulipiwa kwanza.